Mafuta ya Pamba na Mjane wa Busia

Shati la mume wangu ndilo lililonishtua kwanza. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba yetu pale Malaba, upande wa reli, na doa moja kifuani lilikataa kutoka. Madoa ya dizeli niliyazoea. Dizeli inachoma pua, na hata ukiisugua kwa sabuni ya mche inaacha kivuli cheusi. Doa hili lilikuwa la rangi ya chai isiyo na maziwa, na nilipolinusa nilisikia harufu ya jikoni, ya mbegu zilizopashwa moto. Jikoni kwangu sikuwa nimepasha mbegu yoyote.

Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Ilikuwa ile miaka ya sitini, bendera yetu bado mpya, na watu wakivuka kwenda Uganda asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa sana. Mimi ni Msamia wa Funyula. Niliolewa na Mteso wa Malaba, na lugha ya kwao nilikuwa naielewa nusu. Mama mkwe akiongea na majirani nilishika neno hapa na neno pale, yaliyobaki nikayajaza mwenyewe, na kwa kawaida niliyajaza mabaya. Mimi na mume wangu tuliongea Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeinyonya kwa mama yake.

Alikuwa na mashine ya kusaga. Kabla ya kunioa alifanya kazi ya ufundi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na alipopata nafasi alinunua injini kuukuu kutoka kwa mwenye duka Mhindi aliyekuwa anahama. Ilikuwa injini ya silinda moja yenye magurudumu mawili mazito, na iliwashwa kwa hendeli ambayo ingeweza kumvunja mtu mkono. Injini ilizungusha mkanda mrefu, mkanda ukazungusha mawe, na mimi nilisimama pale juu nikimimina mahindi, mtama na muhogo mkavu wa watu. Ikinguruma, wanawake wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, walijua tumefungua.

Tabu yetu ilikuwa dizeli. Ililetwa kwa mapipa juu ya lori kutoka Kisumu, na lori likikwama tulifunga. Hata ilipokuwepo ilitutesa. Bomba la moshi lilitoka nje kupitia tundu la ukutani, lakini upepo wa upande wa Uganda uliurudisha moshi ndani. Jioni nilikuwa nakohoa makohozi meusi, macho yamevimba kama niliyefiwa. Na harufu ile iliingia kwenye unga.

"Nyabo," mama mmoja kutoka ng'ambo aliniambia, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "nikisonga ugali wa unga wako, watoto wananiuliza kama lori limepita jikoni."

Nilicheka naye, lakini niliumia. Mume wangu alisikia pia, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza na jambo mpaka liive.

Basi akaanza kwenda Busia kila siku ya soko. Alipanda basi na madebe matupu, akarudi jioni na madebe yamejaa, midomo ya madebe ameifunga kwa plastiki na kamba. Aliyaweka kwenye kona ya chumba cha injini na kuniambia nisiyaguse. Nilipouliza ni nini, alisema, "Mafuta." Nilipouliza mafuta gani, alisema, "Utaona." Alikuwa mchangamfu siku hizo. Alinyoa ndevu asubuhi ya safari. Mwanamume anayekwenda kununua mafuta ya injini anyoe ndevu kwa nini?

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza samaki. Aliwatoa Port Victoria, akauza Busia, na waliobaki akawaleta hadi Malaba. Siku moja alinipimia omena, wale dagaa wa ziwani, na kuongeza kiganja kizima bila mimi kuomba. Huo ukarimu ulinitia wasiwasi kabla hajafungua mdomo.

"Mama," akasema, "mzee wako siku hizi ni mtu wa Busia."

"Anafuata mafuta."

"Nimeona. Lakini hayo mafuta yana macho mazuri sana."

Akaniambia yote. Kule Busia, nyuma ya maduka, kwenye mtaa wa Waislamu, kulikuwa na mjane aliyekamua mafuta ya simsim, yaani ufuta. Marehemu mumewe alikuwa na lori la kubeba mizigo kati ya Busia na Mbale. Alipokufa, ndugu walichukua lori, yeye akabaki na mtambo wa kukamulia. Na kila siku ya soko, mume wangu alikuwa ndani ya ua wake.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Siku ya soko ilipofika nilimwacha aondoke na basi la kwanza, mimi nikapanda la pili. Nilimwambia mama mkwe nakwenda kuona mgonjwa kwetu. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na yote yalikuwa ya Kisamia, kwa sababu matusi mazuri ninayo kwa lugha ya mama yangu.

Ua wake ulikuwa wa matete. Nilisimama mahali ambapo matete yalikuwa yameachana na kuchungulia.

Mtambo ulikuwa katikati ya ua: pipa dogo la chuma lenye matundu, juu yake parafujo nene, na kwenye kichwa cha parafujo gogo refu lililopitishwa pande zote mbili. Mume wangu alisukuma upande mmoja wa gogo, yule mwanamke akasukuma upande wa pili. Walikuwa wakizunguka, kila mmoja akimfuata mwenzake bila kumfikia, na chini yao mafuta meusi yakichuruzika kwenye karai. Mwanamke alikuwa amejifunga leso mbili, mikono yake iking'aa mafuta mpaka viwikoni. Alisema neno, na mume wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, huku akisukuma. Nyumbani sijawahi kumwona akicheka na kazi mkononi.

Kama ningewakuta wamekaa karibu karibu, ningejua la kufanya. Ningeingia na kupiga kelele, mtaa mzima ukusanyike. Lakini walikuwa wanafanya kazi, tena kazi ngumu, na ningeonekana mwendawazimu. Nilimtafutia kasoro. Alikuwa mrefu, ngozi yake nzuri, meno yamepangika. Nikaona miguu yake ni mikubwa. Nikaishikilia moyoni hiyo miguu yake mikubwa njia nzima ya kurudi Malaba.

Siku iliyofuata mume wangu aliniita kwenye chumba cha injini. Alikuwa amezungusha bomba jembamba la shaba kwenye bomba la moshi, mwanzo wake ukitoka kwenye debe lililoning'inia ukutani na mwisho wake ukiingia kwenye injini. Aliwasha injini kwa dizeli kama kawaida. Tulisubiri mpaka ikapata moto. Kisha akafunga koki ya dizeli na kufungua ya lile debe.

Injini ilisita kidogo, kama mtu aliyeonja kitu asichokijua. Halafu ikaendelea. Ngurumo yake ilishuka, ikawa nzito na ya chini. Nilitoka nje kutazama moshi. Ule moshi mweusi ulikuwa umekwisha. Kilichotoka kilikuwa chepesi cha kijivu, na kilinuka maandazi. Watu waliokuwa wakipita kwenda stesheni walisimama kuuliza nani anakaanga.

"Ni mafuta ya pamba," mume wangu alisema. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi. "Mbegu nanunua kule kiwandani, zile wanazobakiza wakishatoa pamba, kisha nazituma Busia zikakamuliwe. Marehemu mume wa yule mama anayekamua aliwahi kuishiwa dizeli njiani akitoka Mbale. Alikuwa amebeba mafuta ya simsim. Akamimina kwenye tangi, na lori likafika nyumbani. Yule mama ndiye aliyenisimulia."

"Yule mama," nikasema.

"Ndiyo. Lakini simsim ni chakula, siwezi kuchoma chakula cha watu. Mafuta ya pamba yakitoka hivi hivi ni machungu, hakuna anayekula. Mbegu zenyewe zinalimwa hapa hapa na watu wetu. Na makapi yake, yale mashudu, tunalisha ng'ombe."

"Tunalisha?" nikamuuliza. "Wewe na nani?"

Alinitazama, akachukua kitambaa na kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

Sasa nieleze vizuri, maana mafuta yale yalikuwa mazuri, na huo uzuri wake ndio ulionitesa. Baada ya wiki chache kikohozi changu kiliisha. Ukuta ulioelekea bomba la moshi ukaacha kuongeza weusi. Pale nje tulipokuwa tukimwaga mabaki ya dizeli hapakuwahi kuota kitu. Mafuta ya pamba yalimwagika karibu na hapo, na nyasi zikaendelea kumea kama hakuna kilichotokea. Mume wangu alisema hata pampu ya injini haikwaruzi tena, kwa sababu mafuta ya mbegu yana ulaini ambao dizeli haina. Na unga ulinuka unga. Yule mama wa ng'ambo alirudi na jirani zake.

"Nyabo, mmefanya nini? Unga wenu sasa ni mtamu."

Niliitikia kwa tabasamu na kumimina mtama wake. Kila sifa waliyoitoa niliiona ikivuka kichwa changu na kwenda Busia. Baba yangu kule Funyula alilima pamba. Yawezekana mbegu za shamba lake zilikuwa ndani ya yale madebe. Jasho la baba yangu lilikuwa linaingia kwenye injini ya mume wangu kwa kupitia mikono ya mwanamke mwingine.

Nilianza kuyachukia mafuta yenyewe. Nilitamani yashindwe. Asubuhi za baridi yaliganda kidogo, yakawa mazito, na mume wangu alihangaika kuyapasha kwenye jiko la makaa kabla ya kuyamimina. Nilimtazama akiyachuja kwa kitambaa mara ya kwanza na mara ya pili, akiyachemsha ili maji yatoke, akichovya kidole kupima joto. Jioni, kabla ya kuzima, alirudisha koki ya dizeli na kuiacha injini inywe hiyo dakika kadhaa, ili mafuta mazito yasilale ndani ya mabomba na kuganda. Hakusahau hata siku moja. Mimi nikiumwa kichwa alikuwa anasahau kuuliza kama nimepoa.

Mwaka huo mvua ndefu zilikuja kwa hasira. Daraja dogo kwenye barabara ya Kisumu lilichukuliwa na maji, na malori ya dizeli hayakufika. Mashine zote za kusaga upande wetu zikanyamaza, moja baada ya nyingine, na hata ng'ambo walikuwa na shida hiyo hiyo. Yetu ilikuwa inanguruma. Dizeli kidogo tuliyokuwa nayo tuliitumia kuwasha na kuzima tu. Kazi yote ilifanywa na pamba. Wanawake walitembea kutoka mbali na vikapu vyao vimefunikwa majani ya migomba. Walipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye reli. Wazee walikuja kumpa mume wangu mkono. Mama mkwe alipita katikati ya watu akisema kwa Kiteso kitu ambacho safari hii nilikielewa chote: mwanangu ana akili.

Katikati ya siku hizo mume wangu akashikwa na malaria. Alilala akitetemeka chini ya mablanketi, na madebe yalikuwa yamebaki mawili. Watu walikuwa bado mlangoni.

"Itabidi nimtume mtu Busia," alisema, meno yakigongana.

"Nitakwenda mimi."

Aligeuza uso ukutani. "Barabara ni mbaya," akasema.

"Wewe umeipita wiki ngapi?"

Nikayakusanya madebe matupu.

Nilipata nafasi kwenye gari la ng'ombe, halafu kwenye lori la mkaa lililoteleza njia nzima. Nilifika kwa mjane nguo zimenilowa na matope yamefika magotini. Alikuwa peke yake uani, chini ya kibanda cha mabati, akitwanga mbegu. Alisimama alipoona yale madebe, akayatambua.

"Mgonjwa?" akauliza.

"Malaria."

"Pole, mdogo wangu. Karibu ukae, nikupe chai."

Aliniita mdogo wake, na sauti yake haikuwa na kiburi, na hilo likanikasirisha zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwenye kiburi. Sikukaa.

"Dada," nikasema, "mimi nimechoka kukisia. Niambie kwa mdomo wako. Mume wangu anafuata nini hapa?"

Aliweka mchi chini. Alifikiri, na nikaona kwamba anatafuta kusema kweli, wala hatafuti uongo.

"Anafuata mafuta," akasema. "Na mara moja alitaka zaidi ya mafuta. Aliniuliza kama ningekubali kuolewa, niwe mke wa pili."

Mvua ilipiga mabati. Nilishika nguzo ya kibanda.

"Ukamwambia nini?"

"Nilikataa. Dini yetu si moja, na mimi sitaki kukaa nyumba ya kugawana. Nilimwambia akitaka kuendelea kuja, aje na mbegu. Na yeye ni mtu wa heshima, hajarudia neno hilo."

"Wewe ulimpenda?"

"Nilipenda mtu wa kuongea naye kazi," akasema. "Marehemu alikuwa akiniambia kila kitu kuhusu lori. Tangu afe, hakuna aliyenieleza kitu zaidi ya bei. Mume wako alikuja hapa na maswali. Alitaka kujua mafuta yanakuwaje yakipata baridi, yanachujwa vipi, yanakaa muda gani. Nilifurahi, sikufichi."

Hapo ndipo niliposhikwa na wivu wa kweli. Wa kwanza ulikuwa wa mwili, na huo ungeweza kuisha kwa lile jibu la kukataa. Huu wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mimi nilisimama kila siku kwenye mashine ile ile, hatua chache kutoka kwake, na hakuwahi kuniuliza swali hata moja. Maswali yote alikuwa akiyabeba kwenye basi.

Nilitaka kuondoka. Lakini nyumbani kulikuwa na foleni, na watoto wa watu wakingojea uji.

"Mafuta yapo?" nikauliza.

"Hayatoshi. Mbegu zimeshapashwa, lakini wanaonisaidia kusukuma hawakuja kwa sababu ya mvua. Gogo hili halizungushwi na mtu mmoja."

Nikavua viatu. Nikashika upande wa gogo uliokuwa karibu nami na kusema, "Tusukume."

Tulizunguka mpaka mchana ukaanza kupungua. Mwanzoni gogo ni jepesi, halafu mbegu zinashikana na kila hatua inakuwa kama kusukuma nyumba. Mikono yangu ilichubuka. Yeye hakusema nipumzike, na mimi nisingekubali. Nilijifunza mambo bila kutaka. Alinionyesha mbegu zisipopata joto la kutosha zinatoa mafuta machache, na zikiungua mafuta yanakuwa na masizi yatakayoziba nozeli, kile kitundu kinachorushia mafuta ndani ya injini. Alinionyesha jinsi ya kuyaacha yatulie ili uchafu ushuke chini, na kuchota ya juu tu. Nilimuuliza maswali. Nilikuwa nayo mengi, kumbe.

Aliponijazia madebe, alinifungia na kipande kikubwa cha mashudu kwenye gunia. "Ya ng'ombe wenu," akasema. Nilichukua. Sikusema asante vizuri.

Homa ya mume wangu ilipotulia, nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya chumba cha injini, amejifunika blanketi. Injini ilikuwa inafanya kazi, na shemeji yangu ndiye aliyekuwa akimimina nafaka. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye.

"Ameniambia," nikasema.

"Nani?"

"Mwenyewe."

Alivuta blanketi. Alikuwa amekonda, na kwa muda nilimhurumia, kisha nikakumbuka kile kicheko cha kichwa nyuma.

"Alikataa," akasema.

"Najua alikataa. Ningetaka wewe ndiye uwe umekataa."

Mwanamke mmoja alipita na kapu la unga, akatusalimu, tukamwitikia wote wawili vizuri kabisa.

"Sasa mafuta tuache?" hatimaye akauliza.

"Kwa nini tuache? Mafuta yana kosa gani? Nitakuwa nakwenda mimi."

"Kazi ya kule ni ngumu."

Nikamwonyesha viganja vyangu. Aliviangalia, na hakusema tena kwamba kazi ni ngumu.

Basi ikawa hivyo. Siku ya soko mimi ndiye niliyepanda basi na madebe. Sikuwa rafiki wa yule mjane, nisiseme uongo. Tulisukuma gogo, tulikunywa chai yake yenye tangawizi, tuliongea habari za mbegu na mvua na bei ya pamba. Kila nilipofika nilitazama kwanza kama ua una alama ya kiatu cha mwanamume. Nikirudi Malaba, nilimtazama mume wangu kama atauliza habari zake. Hakuuliza. Aliuliza habari za mafuta: leo yamekuwaje, mbona rangi imekolea, umeyachuja wapi. Nami nilimjibu. Kidogo kidogo ikawa tunaongea. Nilimweleza kwamba mbegu za kutoka Samia zilitoa mafuta mengi kuliko za karibu na Malaba, akabisha, nikambishia, akazipima mwenyewe kwa chupa na kukubali. Siku hiyo alinicheka kwa kujigamba kwangu. Hakurudisha kichwa nyuma, lakini alicheka.

Kisha siku moja mjane aliniambia anaolewa. Mwanamume alikuwa mfanyabiashara wa Mbale, wa dini yake, aliyefiwa na mke. Mtambo angemwachia wifi yake, mama mzee mwenye nguvu kama fahali, na mafuta tungeendelea kuyapata. Alisema hivyo huku akijifuta mikono, na alikuwa na haya kama msichana. Nilimtakia heri. Nilimaanisha, karibu yote.

Nilifika Malaba jioni jua likiwa bado juu ya miti, mume wangu akisagia wateja wa mwisho. Nilishusha madebe na kumwambia kwa sauti ya kawaida, huku nikifungua kamba.

"Yule mama wa Busia anaolewa. Anahamia Mbale."

"Ah," akasema. "Vizuri."

Alimalizia kapu lililokuwepo. Alikung'uta mikono. Akaenda kwenye injini na kuizima, palepale, kwa mkono mmoja, ikiwa bado inakunywa mafuta ya pamba. Hakurudisha koki ya dizeli. Halafu akatoka na kwenda kusimama kando ya reli, mikono nyuma, akitazama upande wa Tororo kama mtu anayengoja treni.

Mimi nilibaki mlangoni. Niliiona koki. Nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nimejifunza, na ningeweza kuiwasha tena injini ikiwa bado moto na kuinywesha dizeli. Sikuigusa. Ilikuwa kazi yake.

Asubuhi ilikuwa na baridi. Alizungusha hendeli mpaka jasho likamtoka na injini haikukohoa hata mara moja. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye bomba na kuziba chujio na nozeli. Ilibidi afungue kila kitu. Wateja waliokuja niliwaambia warudi jioni. Nilileta sinia na mafuta ya taa, nikachuchumaa karibu naye, na kila kipande alichokitoa alinipa nikakisafisha kwa brashi na kukipanga.

Tulifanya kazi hiyo mpaka jua likapita utosini. Nilimtazama. Alikuwa na sura niliyoijua, kwa sababu nilikuwa nimeivaa mimi mwenyewe miezi mingi: midomo imebanwa, macho yanatazama kitu kisichokuwepo. Alikuwa anamwonea wivu mfanyabiashara wa Mbale ambaye hajawahi kumwona. Nilitegemea nitafurahi kumwona anaumia. Nilifurahi kidogo. Zaidi nilishangaa jinsi mtu anavyoonekana mdogo akiwa hivyo, na nikajiuliza kama mimi nilionekana hivyo hivyo kwake, na kwa mama mkwe, na kwa yule muuza samaki.

"Nilisahau koki," akasema bila kuinua kichwa.

"Nilikuona."

Akasimamisha mkono. "Uliniona na hukusema?"

"Ulikuwa mbali."

Aligeuza nozeli vidoleni mwake, akapuliza tundu lake, akaiinua kwenye mwanga. Nilidhani mazungumzo yameisha.

"Niliona aibu kukuuliza mambo ya mashine," akasema. "Nilidhani utaniona sijui kazi yangu. Kwa mtu wa mbali ni rahisi kuuliza."

Niliyafikiria maneno hayo. Hayakufuta kitu. Lakini yalikuwa maneno aliyoyaleta mwenyewe, bila mimi kuyachimba, na kwa mume wangu huo ulikuwa mzigo mzito kuubeba mpaka mdomoni.

"Niulize," nikasema.

Akanyoosha nozeli kwangu. "Hii imesafika?"

Niliitazama kwenye mwanga. Pembeni kulikuwa na alama ya masizi. "Bado," nikamwambia, nikaichukua na kuirudisha kwenye mafuta ya taa.

Hakuoa mke wa pili. Mafuta ya pamba tuliyatumia mpaka kile kiwanda kilipoacha kuwauzia mbegu wanunuzi wadogo, na tukarudi kwenye dizeli kama wengine wote, na moshi wake. Lakini siku ile tuliyosafisha nozeli, injini iliwaka jua likiwa linashuka. Ilianza kwa dizeli, ikapata moto, na mimi ndiye niliyefungua koki ya pili. Wateja walikuwa wameanza kurudi. Wa mbele alikuwa na muhogo uliokauka vizuri, mweupe, unaovunjika kwa mkono. Nikaumimina.